Kinga ya Baba na Kazi ya Fundi



Tukisema desturi za kwetu, watu wengi wanafikiri ngoma, ndoa, matanga na hadithi za wazee. Ni vizuri. Lakini mimi leo nataka kuandika juu ya kinga. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema baiskeli. Sisi huku Katanga tunasema kinga, na jirani zetu Wabemba wanasema incinga. Mtu atauliza: kitu kilichotoka Ulaya kinaweza kuwa desturi yetu? Nitajaribu kujibu.

1. Mpira uliotoka kwetu

Mu mwaka 1888, pa Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya uvumbuzi wake: mpira wenye hewa ndani. Mbele ya pale kinga zilikuwa na mpira mgumu, na mtu alitikisika mwili mzima. Toka hapo Wazungu wengi walianza kununua kinga. Kila kinga ilihitaji mipira miwili, na mpira ulihitaji utomvu.

Utomvu huo ulitafutwa kwa nguvu mu Kongo, nchi ambayo Mfalme Léopold II aliishika tangu 1885 sawa mali yake mwenyewe. Mu maeneo mengi wazee walisukumwa mu pori kutafuta miti ya kutambaa yenye utomvu. Kijiji kisichotimiza kipimo, wanawake walifungwa, nyumba zilichomwa, watu walikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilieleza mambo hayo, na mwaka 1908 Ubelgiji ulichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme.

Wanafunzi wangu wanajua habari ya mikono, na kinga wanaiona kila siku. Lakini nikiwaambia kwamba mambo haya mawili yanafungana, wanashangaa. Kinga ilitugharimu mbele hatujaipanda.

2. Namna ilivyokuwa yetu

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, mu 1910. Kidogo kidogo mtu wa mshahara, awe karani, mwalimu ao mfanyakazi wa mgodi, alitafuta kinga. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua Raleigh nyeusi, ya pili mkono, yenye frein za vyuma virefu, si za kamba. Siku ya mungu alimpandisha mama nyuma, na watu walisalimia.

Halafu ikafika miaka ya 1990. Mishahara ya walimu ilikuwa haifike, na ikifika ilikuwa haitoshe hata gunia ya unga. Baba alivua koti, akaanza kusukuma makala kutoka pori mpaka mjini. Fundi alimfungia ferabeto pembeni ya uma ya mbele ili isivunjike kwa uzito. Hata si baba peke yake. Mu Kasai kulikuwa bayanda, wanaume waliosukuma kinga zenye mizigo safari ya siku nyingi. Pa Kisangani watu walibebwa na toleka, jina la Kilingala lenye kusema «tupite». Wakati barabara na magari vilikufa, kinga njo ilibeba nchi.

Mimi nilisoma pa ISP. Minerval yangu ilitoka juu ya ile kinga, mfuko moja ya makala kwa ingine.

3. Kazi anayopenda, kazi anayochukia

Baba alipofariki, wadogo zangu walisema: «Yaya, tuuze hii chuma kwa watu wa mitraye.» Mimi nikaibeba kwa fundi yule yule. Sasa ni mzee, macho yamechoka.

Nikamuuliza: «Baba fundi, mu kazi hii, unapenda nini zaidi?»

Akajibu bila kufikiri: «Rayo, mwana.»

Kinga za namna hii zina rayo 32 mbele na 40 nyuma. Gurudumu ya matundu 40 ni shida kuipata mpya, basi ile ya zamani lazima inyooshwe. Aligeuza kinga juu chini, akashika msumari karibu na jante, akazungusha polepole. Pale jante ilipogusa msumari, alikaza rayo ya upande wa pili kidogo tu. Halafu alizigonga kwa kidole, moja moja, akisikiliza. «Rayo iliyolegea inalia sawa ngoma iliyonyeshewa,» alisema. «Zote zikiimba pamoja, gurudumu imepona.»

«Na kazi unayochukia?»

«Klaveti!»

Klaveti ni kile kipande cha chuma kinachofunga mkono ya pedale juu ya ekseli. Kikishika kutu, kinakataa kutoka. Alikilowesha na petroli usiku mzima. Asubuhi alipiga nyundo, kikajikunja. Ikabidi kukitoboa kwa mashini ya mkono, na mimi nikashika kadre mpaka mikono ikauma. Ilituchukua asubuhi nzima. Mzee akasema: «Klaveti ni sawa mtu wa kichwa ngumu. Ukimpiga haraka, hatoke tena.»

Kisha akanyamaza, akasema tena: «Lakini hata klaveti, mwana, iko na dawa. Kazi mbaya kabisa ni kukata kadre. Vijana wananiletea kinga ya baba yao, wanasema nikate, wauze kwa kilo. Nakata, sababu na mimi nakula. Lakini siku ile sipendi kuongea na mtu.»

Nilisikia haya, kwa sababu nusu ya familia yangu ilitaka vile vile.

4. Kwa kumaliza

Leo motó zimejaa mu njia, na yule fundi hana mwanafunzi hata moja. Akienda, ataenda na masikio yake yanayojua sauti ya rayo. Desturi si kitu tulichozaliwa nacho tu. Ni pia kitu tulichokilipia, tukakitengeneza kwa akili yetu, tukakipa majina yetu. Kwa hiyo naomba wenzangu walimu: pelekeni wanafunzi kwa mafundi wa mtaa, waandike majina ya vyombo na namna ya kazi, mbele wazee hawajatuacha.

Kinga ya baba inatembea. Mdogo wangu wa mwisho, yule aliyetaka kuiuza, alikuja kuiangalia. Alipapasa ferabeto pa uma, pale rangi ilipoisha kwa kamba za mifuko, akakaa kimya. Halafu akauliza kama anaweza kuizungusha mara moja tu mu kiwanja.