Shaba Iliyomo Ndani ya Jani

Kwa mkulima wa kakao au kahawa, shaba ni dawa. Tangu mwaka 1885, Pierre Millardet wa Bordeaux alipoeleza jinsi mrututu uliochanganywa na chokaa unavyozuia ukungu wa mizabibu, historia ya madini haya shambani imesimuliwa kama historia ya kupuliza. Nashikilia kwamba hiyo ni nusu tu ya habari. Mpunga na kakao wa Katumba Songwe, wilayani Kyela, haviwezi kuishi bila shaba iliyomo ndani ya majani yenyewe, na waliotuonyesha jinsi inavyoshikwa humo ni mafundi wa fuwele.

Mwaka 1960 Mjapani Sakae Katoh alipata kwenye mwani protini ya buluu, plastosianini. Kila molekuli yake hubeba chembe moja ya shaba, na kazi yake ni kupokezana elektroni pale jani linapogeuza mwanga kuwa chakula. Mwaka 1978 kundi la Hans Freeman, huko Sydney, lilipiga eksirei fuwele za protini hiyo kutoka kwenye mti wa mpopla, likaona shaba imeshikwa na asidi amino nne: histidini mbili, sisteini na methionini. Baadaye waliiondoa shaba, na umbo likabaki karibu vilevile. Kiota kipo tayari kabla ya shaba kufika. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Plastosianini ya spinachi ilikataa kuganda kuwa fuwele, mpaka asidi amino ya nane, glaisini, ilipobadilishwa kuwa aspatiki. Umbo lake likachapishwa mwaka 1998. Mtu atauliza: protini iliyochongwa na binadamu itatoaje ushahidi juu ya mmea? Swali ni la haki, na kweli baadhi ya mikunjo ya nje ilitofautiana na ya mpopla. Lakini kiini kililingana na kile cha mpopla, ambacho hakikuguswa na mtu.

Ushahidi wa shambani nao upo. Ngano ya Bonde la Ufa nchini Kenya iliwahi kudhoofika kwa kukosa shaba udongoni, jambo lililoandikwa kitaalamu mwaka 1967. Udongo uliofunikwa na maji nao huachia shaba kwa shida zaidi, na mpunga wa Kyela hulimwa kwenye uwanda unaofurika maji ya mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka. Wanaopima udongo huko wapime na shaba, wasiishie kwenye naitrojeni na fosforasi.