Rejeta ya Gari Ndani ya Kompyuta: Historia Fupi ya Maji na Prosesa

Watu wengi wakisikia kompyuta inapozwa kwa maji hufikiria mambo mawili: pesa nyingi, na kupigwa na stima. Leo nataka tuzungumzie historia ya jambo hili, maana ukiifuatilia utaona kwamba pesa nyingi si lazima, na kwamba maji yana tabia moja ya ajabu. Huja pale chipu zinapofika mwisho wa uwezo wake, huondoka teknolojia mpya ikiingia, kisha hurudi tena.

Tuanze na fizikia kidogo, msikimbie! Lita moja ya maji ikipanda joto kwa digrii moja hubeba joto takriban mara 3,500 kuliko lita moja ya hewa. Ndiyo maana gari lina rejeta na bodaboda nyingi hazina. Injini ndogo upepo huitosha. Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Kila transista inapojifunga na kujifungua hula umeme kidogo, na umeme huo wote huishia kuwa joto.

Miaka ya 1960, IBM ilikuwa na mashine kubwa iitwayo System/360 Model 91. Saketi zake zilichemka kiasi kwamba hewa iliyopita kati yake ilibidi ipozwe na maji njiani. Mwaka wa 1980 ikatangazwa IBM 3081. Humo chipu zaidi ya 100 zilipangwa kwenye kigae kimoja cha kauri, na kila chipu iliguswa na kijiti cha chuma chenye springi. Vijiti hivyo vilipeleka joto juu kwenye bamba lililopitiwa na maji baridi. Nafasi zilizobaki zilijazwa gesi ya heliamu, kwa kuwa hupitisha joto vizuri kuliko hewa. Mwaka wa 1985 Seymour Cray akaenda mbali zaidi: katika Cray-2 alizamisha saketi zenyewe ndani ya Fluorinert, kiowevu kisichopitisha umeme.

Mashine hizo zilikuwa za benki kubwa, maabara za serikali na vyuo vikuu vyenye uwezo. Halafu maji yakaanza kutoweka. Chipu za mashine kubwa za IBM zilikuwa za aina ya bipola, ambazo hula umeme mwingi hata zikiwa zimetulia. Chipu za CMOS, zile zilizokuwa tayari kwenye kompyuta za mezani, wakati huo zilikula umeme hasa zinapobadilisha hali. Mwaka wa 1994 IBM ilileta mashine kubwa za CMOS zilizopozwa kwa hewa tu.

Sasa tazama kilichofuata. Maji yanatoka kwenye vyumba vya matajiri, na baada ya miaka michache yanaingia kwenye vyumba vya kulala vya vijana!

Mwaka wa 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahetsi 300. Wajanja waligundua kwamba ukipandisha kasi ya basi la ubao mama kutoka megahetsi 66 hadi 100, nyingi kati ya prosesa hizo zilikimbia kwa megahetsi 450. Mchezo huo huitwa kuovakloki, yaani kuikimbiza chipu kupita kasi iliyoandikwa na kiwanda. Faida yake ni kasi ya bure, na gharama yake ni joto. Chipu zenyewe pia zilikuwa zinazidi kuwaka. Pentium za kwanza za mwaka wa 1993 zilitoa kama wati 15, lakini Athlon ya gigahetsi 1.4 ya mwaka wa 2001 ilipita wati 70. Mwaka huo huo Tom's Hardware walionyesha video ya Athlon ikitoa moshi baada ya kuondolewa kipoza joto chake.

Kwa hivyo vijana, hasa Marekani na Ulaya, wakajitengenezea mifumo ya maji kwa vitu vya bei rahisi. Ninapenda sana sehemu hii ya hadithi, maana ni jua kali kabisa. Pampu ilikuwa ya tangi la samaki. Mipira ilitoka duka la vifaa vya ujenzi. Rejeta ilikuwa ile ndogo ya hita ya gari, inayokaa nyuma ya dashibodi, na ile ya Chevrolet Chevette ilipendwa sana. Hapa Nairobi ungetafuta kitu cha aina hiyo Kirinyaga Road, pale tunapopaita Grogan.

Kazi ngumu ilikuwa kipande kinachokaa juu ya prosesa. Walichukua bamba nene la shaba, wakatoboa mifereji kwa drili, wakaziba mashimo yasiyotakiwa kwa risasi ya kulehemu, na wakalainisha upande wa chini kwa msasa uliowekwa juu ya kioo ili uwe bapa kabisa. Maji yalikuwa yale yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, na wengine waliongeza dawa kidogo ya rejeta ya gari. Walijifunza pia kutochanganya shaba na alumini katika mzunguko mmoja, kwa kuwa alumini huliwa polepole. Halafu kulikuwa na sheria ya dhahabu: endesha pampu peke yake kwa saa 24, kompyuta ikiwa imezimwa, uangalie kama kuna tone lolote.

Ukifikiria vizuri, kazi hiyo ni ile ile ya IBM 3081: shaba, maji, pampu na mahali pa kutupa joto. Tofauti ni bei tu.

Viwanda vyenyewe vilibanwa muda si mrefu. Februari 2004 Intel ilitoa Pentium 4 iliyoitwa Prescott, na matoleo yake ya kasi yalipita wati 100. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo mno hata umeme ukawa unavuja ndani yake zikiwa zimefungwa. Juni 2004 Apple ilitangaza Power Mac G5 ya gigahetsi 2.5 iliyopozwa kwa kiowevu. Na ni nani aliyetengeneza mfumo huo? Delphi, kampuni ya vipuri vya magari iliyotoka General Motors! Mambo ni yale yale ya hita ya Chevette, ila sasa yamevaa suti.

Lakini maji hayakuiokoa Prescott. Oktoba 2004 Intel iliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahetsi 4. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo ya mezani, viini viwili ndani ya wati 65, na feni ya kawaida ikatosha. Mac Pro ya mwaka huo ikarudi kwenye hewa.

Kwetu sisi waandishi wa programu, hapo ndipo dunia ilipobadilika. Kabla ya hapo uliweza kuandika programu nzito, ukasubiri mwaka mmoja, na prosesa mpya ikakubebea mzigo. Mwaka wa 2005 Herb Sutter aliandika makala mashuhuri akisema chakula hicho cha bure kimekwisha. Kilichokimaliza ni joto.

Maji nayo yamerudi. Mwaka wa 2009 Corsair ilitoa H50, iliyotengenezwa na Asetek ya Denmark, ikiwa imefungwa tayari kiwandani. Kompyuta kuu ya Frontier ya Marekani, ya mwaka wa 2022, hupozwa kwa maji. Kabati za NVIDIA za GB200 NVL72, zilizotangazwa mwaka wa 2024 kwa kazi za akili bandia, hula takriban kilowati 120 kila moja, na hazina njia ila kupozwa kwa kiowevu.

Maoni yangu ni haya. Kila mara maji yaliporudi, yalitununulia miaka michache tu, kisha suluhisho la kweli likatoka kwenye muundo wa chipu. Na upande wetu wa programu tusijitoe. Kitanzi kinachozunguka bure bila kazi ni joto ambalo mtu fulani, mahali fulani, analipia umeme wa kulitengeneza na umeme mwingine wa kulitoa. Kabla ya kutafuta pampu, pima kwanza programu yako inapotezea wapi muda.