Usajili, Kibali na Mtaji wa Biashara Ndogo Machakos

Ukubwa wa biashara nchini Kenya hupimwa kwa mauzo na idadi ya wafanyakazi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012, biashara ndogo sana ina mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Biashara ndogo huishia kwenye shilingi milioni 5 na wafanyakazi 50.

Maumbo ya kisheria yanayotumika zaidi ni matatu. La kwanza, jina la biashara, husajiliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Anayeandika "Mutua" mlangoni, nalo ndilo jina lake halisi, halazimiki kulisajili. Akiandika "Mutua Hardware" analazimika. Cheti chake hakizai nafsi mpya ya kisheria: deni la duka ni deni la Mutua, na nyumba yake haina kinga. Kampuni, chini ya sheria ya mwaka 2015, ni nafsi inayojitegemea, hata mwanachama akiwa mmoja tu. Ushirika huhitaji watu wasiopungua 10. Hilo ndilo umbo lililowafaa wachongaji wa vinyago wa Wamunyu, ambao kila mmoja huchonga chake lakini wanauza pamoja.

Usajili si ruhusa ya kufungua mlango, ingawa wengi huvichanganya viwili hivi. Ruhusa ni kibali cha biashara, na tangu ugatuzi hutolewa na Kaunti ya Machakos, kwani Katiba ya 2010 iliziachia kaunti leseni za biashara. Ada hufuata aina ya kazi, ukubwa na mahali. Ushuru wa soko unaolipwa na muuza mboga wa Tala ni jambo jingine, na risiti yake si kibali. Anayepika chakula huongeza cheti cha afya, na anayepima nyama au mahindi hupeleka mizani ikaguliwe na kupigwa mhuri.

Kodi husimamiwa na KRA kwa nambari ya PIN. Kodi ya mauzo ghafi ni asilimia 3 kwa wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, nayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa kuwa msingi wake ni mauzo, si faida, hutozwa hata mwezi wa hasara. Mauzo yakifika milioni 5, usajili wa VAT ni wa lazima.

Mtaji hutoka kwenye akiba, chama, sacco, benki au Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022. Tofauti iliyo muhimu ni ya dhamana. Chama hutegemea kujuana. Benki kwa muda mrefu ilidai hatimiliki ya shamba. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu pikipiki, cherehani, mifugo na hata mazao kuwekwa rehani, bila mwenyewe kuacha kuvitumia. Haki ya mkopeshaji huandikwa katika daftari la umma, na mkopeshaji wa pili akilipekua huona pikipiki ile imekwisha kushikiliwa.