Modemu haikusema "jaribu tena baadaye"

Waifai ikikatika leo, sote tunajua dawa: zima rauta, hesabu hadi kumi, washa. Ikikataa, unapigia kastoma kea, na wao wanakuambia… uzime rauta. Hakuna anayekuambia nini kimeharibika. Skrini nayo inasema tu kuna hitilafu, jaribu tena baadaye. Wasee, mimi naona hapo tumepokonywa kitu. Ili ukione, twende miaka ya tisini.

Intaneti ya nyumbani wakati huo ilipitia waya wa simu ya mezani. Modemu inapigia kampuni simu, inalia zile kelele zake, na mpaka umalize hakuna mtu mwingine anatumia simu hiyo. Modemu kali za 1998 zilifika kilobiti 56 kwa sekunde, tena hiyo ni kwa karatasi. Wimbo wa MB 4 ungekula karibu dakika 10, mambo yakienda poa. Sisi Kenya hatukuwa na waya wa baharini hadi 2009, SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo tulienda nje kwa setilaiti, na aliyetumia modemu alilipia pia dakika za simu. Kubahatisha kulikuwa na bei.

Sasa ingia Linux, mfumo ambao Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliutoa 1991. Mtu wa Linux alitegemea programu mbili: chat, inayoongea na modemu, na pppd, inayoongea na kompyuta ya kampuni upande wa pili. Mambo yakikwama, alifungua logi, mara nyingi /var/log/messages, akasoma simu yake ilifia wapi.

Swali la kwanza: modemu inasikia? Ile Windows inaita COM1, Linux inaita /dev/ttyS0, na COM2 ni /dev/ttyS1. Ukikosea hapo unaongea na ukuta. Halafu kulikuwa na mtego wa bei rahisi: winmodemu. Hizo zilipunguzwa vipuri, kazi ikaachiwa programu ya Windows. Bila programu hiyo, kwenye Linux ilikuwa chuma tu.

La pili: simu imeenda? NO DIALTONE, waya hauna mlio, angalia ukutani. BUSY, laini ya kampuni imeshikwa, subiri. NO CARRIER, modemu mbili hazikuelewana au laini imekatika.

La tatu: umekubaliwa? Modemu zikishaelewana, kampuni inataka jina na pasiwadi. Ukikosea, pppd inaandika wazi kwamba umekataliwa. Hapo usiguse waya, rekebisha pasiwadi.

La nne ndilo la kuudhi: umeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Piga ping kwa namba ya IP. Namba ikijibu na jina lisijibu, shida ni DNS, nenda /etc/resolv.conf. Namba nayo ikinyamaza, angalia njia. Kompyuta yenye kadi ya mtandao mara nyingi ilikuwa tayari na njia yake kuu, na pppd ilikataa kuibadilisha. Data yako ilikuwa inatumwa kwa mlango usioenda popote! Na pppd haikuficha, iliandika kwenye logi kwamba haibadilishi njia iliyopo. Futa njia hiyo, piga simu tena, umeingia.

Usinielewe vibaya, bana. Sisemi zamani ilikuwa tamu. Ilikuwa mateso, na wengi hawakuwa hata na simu ya mezani. Ninachosema ni kwamba mashine ilimheshimu mtumiaji kiasi cha kumwambia ukweli, na mtumiaji akajifunza kuuliza hatua kwa hatua, bila kuruka.

Leo tumepewa spidi, tukanyang'anywa maelezo. Na asiyejua shida iko wapi lazima aamini yeyote anayemwambia. Ukiambiwa rauta yako imezeeka, ununue nyingine, utabisha na nini?

Habari njema ni kwamba ile ngazi bado inasimama. Hata PPP haijafa, kampuni nyingi za intaneti duniani bado zinaitumia kwa jina PPPoE. Kwa hivyo siku waifai ikikatika, kabla hujazima kitu, fungua laptop upige ping kwa rauta yako. Halafu 8.8.8.8. Halafu jina la tovuti yoyote. Hatua tatu, dakika moja. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 ikinyamaza, pigia kastoma kea ukiwa na jibu mkononi. Wakikuambia uzime rauta, waambie imejibu, shida huenda iko mbele yake.