Nguva: Mnyama adimu wa bahari na udongo wa Machakos

NGUVA, mnyama wa baharini aliyewahi kuonekana kwa mamia katika pwani ya Kenya, sasa huonekana kwa nadra mno. Kifo chake mara nyingi hutokea katika nyavu za wavuvi, lakini malisho yake yanatishiwa pia na udongo unaotoka mbali na bahari, yakiwemo mashamba ya Machakos.

Ingawa wengi humdhania kuwa samaki, au yule mwanamke nusu samaki wa hadithi, nguva ni mnyama anyonyeshaye, na undugu wake na tembo ni wa karibu kuliko ule wa pomboo. Hufikia urefu wa mita 3 na uzani wa kilo 400 au zaidi. Hupumua hewa, hivyo hulazimika kuibuka kila baada ya dakika chache. Hula majani yanayoota chini ya bahari katika maji ya kina kifupi, na kwa siku moja aweza kumaliza hadi kilo 40.

Mwaka 1967 kundi la nguva wapatao 500 liliripotiwa katika pwani ya kusini. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 1994 iliwapata 10 tu, na ile ya 1996 ikawapata 6. Ni kweli kwamba aliye angani hawezi kumwona kila mnyama aliye chini ya maji. Hata hivyo, ukizizidisha hesabu hizo mara kumi, bado hazilifikii kundi hilo moja la 1967.

Wachache wanaoonekana huripotiwa zaidi Lamu na Kiunga, na katika Ghuba ya Ungwana. Mnamo Desemba 2022, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) lilitangaza kwamba nguva wa Afrika Mashariki wamo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakiwa wamesalia watu wazima chini ya 250. Wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji.

Zamani nguva aliwindwa kwa ajili ya nyama na mafuta. Siku hizi adui yake mkuu ni jarife, wavu mkubwa unaotegwa usiku kucha. Akinaswa humo hushindwa kuibuka, akafa maji. Pengo lake halizibiki upesi, kwani jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena.

Machakos inaingiaje katika habari hii? Mto Athi hupita huko, ukateremka hadi Tsavo ambako huitwa Galana, na hatimaye kumwaga maji yake kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Wakati wa kaskazi tope lake husukumwa kuelekea Malindi. Wakati wa kusi huelekea upande wa Ungwana. Majani ya bahari huhitaji mwanga wa jua, na maji yanapogeuka mekundu kwa udongo, mwanga huo haufiki chini.

Ushahidi umo katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, ambalo uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 2007. Tope lilikuwa kidogo kati ya 1700 na 1900, likazidi kuongezeka baadaye, na kufikia kilele kati ya 1974 na 1980, mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili. Watafiti walitaja ukataji wa misitu, matumizi mabaya ya ardhi na ukame wa miaka ya sabini.

Si haki kuilaumu Machakos pekee. Athi hupokea pia maji ya Kiambu, Nairobi na Makueni. Isitoshe, Wakamba waliolazimishwa na wakoloni kuchimba matuta katika miaka ya thelathini na arobaini waliendelea baada ya uhuru kuyachimba kwa hiari, hasa yale ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Matuta hayo hushika maji na udongo shambani. Lakini kingo za mito yenyewe hazina kinga hiyo, na pale wachota mchanga wanapozichimba, mvua ya kwanza huzibomoa.