Uvujaji wa maji ya mvua katika gari la zamani

Uvujaji wa maji ya mvua katika gari ni kupenya kwa maji ndani ya bodi kupitia mipira iliyokakamaa, gundi iliyoachia, maungio ya mabati au njia za kutolea maji zilizoziba. Dalili zake ni kapeti kulowa, vioo kushika ukungu kila asubuhi, harufu ya uvundo na kutu inayoanzia sakafuni.

Si kila maji yanayokutwa miguuni ni ya mvua. Maji safi yasiyo na harufu, yakionekana upande wa abiria siku ya jua kali baada ya AC kufanya kazi, yametoka kwenye bomba la AC lililoziba. Yakiwa na rangi, yakinata vidoleni na kunukia utamutamu, ni ya rejeta ndogo ya hita. Ya mvua huja baada ya mvua au baada ya kuosha gari, na mara nyingi huja na vumbi au vipande vya majani.

Njia za maji

Gari halikuundwa kuyazuia maji yote. Limeundwa kuyapokea na kuyatoa. Mlango ndio mfano bora. Kila inyeshapo mvua, hata kwenye gari jipya, maji yanayoteremka kwenye kioo cha dirisha huingia ndani ya mlango, hushuka hadi chini na kutokea kwenye vitobo vya ukingoni. Nyuma ya kava la ndani kumegandishwa nailoni kwa gundi nyeusi yenye ulimbo, ili maji yasihamie upande wa abiria. Fundi akifungua mlango kutengeneza mota ya kioo au kufunga spika, akaichana nailoni hiyo na kurudisha kava vivyo hivyo, gari litavuja miaka yote, na mwenye gari atalaumu mpira wa mlango usio na kosa. Vitobo vya chini navyo vikizibwa na tope, maji hukaa mlangoni yakasikika yakicheza gari linapofunga breki.

Chini ya waipa kuna beseni la bati lililofunikwa kwa plastiki. Hupokea maji ya kioo cha mbele na kuyatoa pembeni, nyuma ya fenda. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mjohoro hujaza beseni hili vijani vidogo vinavyooza na kuwa mboji. Maji yakikosa pa kutokea hupanda hadi kwenye tundu la hewa la feni na kumwagika miguuni mwa abiria. Katika magari mengi ya Japani yenye usukani wa kulia, feni iko kushoto, na huko ndiko kapeti huloa kwanza.

Sanrufu kwa kawaida ina mipira minne membamba ya kutolea maji, miwili ikipita ndani ya nguzo za mbele na miwili nyuma. Ikiziba, maji hutokea kwenye taa ya paani au huteremka kimyakimya ndani ya nguzo.

Vioo vya mbele vya zamani vilishikwa na mpira. Vya baadaye hugandishwa kwa gundi ya poliyurethani. Kioo kilichobadilishwa haraka juu ya bati lenye kutu hakidumu, kwa kuwa gundi imeshika kutu wala haikushika bati.

Nyuma, maji hupenya kwenye gasketi za taa na mpira wa buti, yakajikusanya chini ya tairi la akiba.

Land Rover

Land Rover, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 na ambayo umbo lake la Defender lilikoma kutoka kiwandani Solihull mwaka 2016, ni mvujaji mashuhuri. Paa lake limefungwa kwa bolti, kioo cha mbele kimekaa juu ya ukuta wa chuma kwa mpira, na chini yake kuna vifuniko vya hewa ambavyo mipira yake hulala ikizeeka. Wapenzi wake husema ndiyo tabia yake. Ni uvumilivu wa hasara: bodi ni ya aluminiamu, lakini ukuta ule ni wa chuma, nao huoza.

Kutafuta tundu

Mahali maji yanapoonekana mara chache ndipo yalipoingilia. Hufuata nyaya, mikunjo ya bati na mteremko wa gari, hivyo lililoegeshwa pua chini huloa kwingine kuliko lililoinua pua.

Njia ya kuaminika inahitaji watu wawili, tochi na mpira wa maji usiofungwa pua. Kapeti huinuliwa na bati kufutwa likauke. Mmoja hukaa ndani. Mwenzake humwagia maji taratibu akianzia chini ya mlango, dakika kadhaa kila sehemu, kisha dirisha, kioo cha mbele, na paa mwisho kabisa. Akianzia juu, maji yatapita kila mahali na hakuna kitakachojulikana. Mashine ya presha ya kuoshea magari haifai, maana husukuma maji pasipofikiwa na mvua.

Mpira wa mlango hupimwa kwa karatasi: ikibanwa na mlango kisha ikavutika bila kukwama, mpira haukandamizi hapo. Unga wa chaki ukipakwa kwenye mpira, maji yanayopenya huacha mchirizi.

Matengenezo

Njia zilizoziba huzibuliwa kwa mshipi mnene wa nailoni. Upepo mkali wa kompresa ni hatari, huweza kuchomoa mpira wa sanrufu ndani ya paa. Nailoni ya mlango hurudishiwa kwa gundi ya butili. Kioo kilichokaa juu ya kutu hutolewa, bati likakwanguliwa, likapakwa praima, ndipo gundi mpya iwekwe.

Silikoni ya dukani inayonuka siki ndiyo dawa inayotumika zaidi na ndiyo mbaya kuliko zote. Asidi yake hula bati lililo wazi, na tabaka lake huzuia gundi nzuri isishike baadaye. Mbaya zaidi, huziba hata vitobo vilivyowekwa kutoa maji.

Chini ya kapeti kuna sponji linalobeba maji kwa wiki nyingi huku juu pamekauka, kwa hiyo siti lazima zitolewe. Betri hufunguliwa kwanza na kusubiriwa dakika chache, kwa sababu plagi za njano chini ya siti ni za mifuko ya usalama.

Madhara

Kutu ya sakafu, kuvu, na hitilafu za umeme, hasa pale kompyuta ya gari inapokaa chini ya dashibodi au siti.

Hali ya sasa

Kenya hairuhusu kuingiza magari ya umri wa zaidi ya miaka 8. Lakini mengi yaliyokwisha kuingia Afrika Mashariki yataendelea kutembea miaka mingi, na mipira yao ni ya tangu kiwandani.