Takwimu za kipa katika hoki ya barafuni

Takwimu za kipa ni vipimo vya kazi ya mlinda lango, ambavyo mara nyingi huchukuliwa kwa haraka mno kuwa ndiyo sababu ya timu kushinda au kushindwa. Asilimia ya uokoaji hupatikana kwa kugawanya mashuti yaliyozuiwa kwa yote yaliyolenga lango. Wastani wa mabao ya kufungwa huhesabiwa kwa kila dakika 60, na hubeba pia ubora wa mabeki, kwani kipa anayekingwa vizuri hupigiwa mashuti machache.

Katika ligi ya NHL, msimu wa 2003–04, Roberto Luongo wa Florida Panthers alipigiwa mashuti 2,475 akazuia 2,303, karibu asilimia 93. Hata hivyo alishinda mechi 25 tu, akapoteza 33 na kutoka sare 14. Kumpima kipa wa namna hiyo kwa ushindi ni kumdhulumu: hafungi mabao.

Kwa makipa wa NHL katika maisha yao yote ya uchezaji, Martin Brodeur anashikilia rekodi ya ushindi 691, akiwa na uokoaji wa asilimia 91.2; Dominik Hašek alifikisha 92.2 lakini ushindi wake ni 389. Tofauti hiyo ya asilimia moja si ndogo. Kwa mashuti 30 kila mechi, katika mechi 60 ni mabao 18.

Tuzo ya Vezina ya makipa wa NHL, ambayo zamani ilifuata uchache wa mabao ya timu, tangu msimu wa 1981–82 hutolewa kwa kura za mameneja wakuu wa klabu.